Fremu tatu mezani: asetati ya Cadore, titani ya Sabae na bati la Berlin

Mezani kwangu nimetandaza kitambaa cha kufutia lenzi, na juu yake zimelala fremu tatu za kiume. Ya kushoto ni ya asetati, nyeusi na nene, kazi ya Cadore kaskazini mwa Italia. Ya katikati ni ya titani, metali nyepesi, ya mviringo, nyembamba kama spoki ya baiskeli, imetoka Sabae nchini Japani. Ya kulia ni bati la stenlesi lililokatwa na kukunjwa mjini Berlin, halina skrubu hata moja. Bei zao hazipishani sana. Fremu tupu za namna hii, kabla ya lenzi, mara nyingi huuzwa kati ya dola 300 na 600 za Kimarekani, na mtu anayetoa fedha hizo kwa kitu cha kuweka usoni ana haki ya kujua ananunua nini.

Kazi yangu ni kukata lenzi na kuikalisha miwani kwenye nyuso za watu, hapa Dar es Salaam. Mteja akiniuliza chapa gani ni nzuri, namrudishia maswali mawili: kutwa utaivalia wapi, na ikipinda utampelekea nani ainyooshe? Miwani haibaki kama ilivyotoka kiwandani. Inakaliwa, inaangushwa, inavuliwa kwa mkono mmoja, mtoto anaivuta. Kila baada ya miezi kadhaa inataka mkono wa fundi. Kwa hiyo nalinganisha kwanza malighafi na namna ilivyounganishwa. Jina lililochapwa ndani ya mkono wa miwani litafuata.

Nani bado yu huru

Kampuni ya EssilorLuxottica, iliyozaliwa mwaka 2018 Essilor ya Ufaransa ilipoungana na Luxottica ya Italia, ndiyo yenye Ray-Ban, Persol na Oliver Peoples. Wateja wengi hudhani hayo ni majina ya nyumba tatu zinazoshindana. Kering, kundi la Kifaransa la bidhaa za anasa, iliinunua Lindberg ya Denmark mwaka 2021. Mwaka 2023 Marcolin, kampuni ya miwani ya Italia, iliichukua ic! berlin, na mwaka huohuo Thélios, ambayo ni ya LVMH, kundi jingine la anasa la Ufaransa, ikaichukua Barton Perreira ya Los Angeles. Orodha ya walio huru, yaani wasiomilikiwa na kundi kubwa, kwa hiyo, hubadilika, na ile uliyoisoma miaka mitano iliyopita huenda imeshapitwa.

Kununuliwa hakuigeuzi fremu kuwa mbaya usiku mmoja. Ninachokipenda kwa waliobaki ni ukaribu wa kalamu na tupa: anayechora umbo na anayelipiga msasa wanajuana. Cutler and Gross ilianza London mwaka 1969, mikononi mwa Graham Cutler na Tony Gross, na fremu zake hutoka kwenye kiwanda chake yenyewe huko Cadore. Upande wa nje hawaweki nembo. Masunaga ya Japani imekuwa ikitengeneza fremu tangu mwaka 1905. Mykita ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 2003, inachora na kuunda katika jengo moja. Nitazitumia nyumba hizi tatu kama mifano, ingawa Cadore, Sabae na Berlin kuna wengine wengi wanaostahili kuangaliwa.

Asetati: iliyochongwa, si iliyomiminwa

Mtu akiona fremu nyeusi nene husema tu "plastiki". Asetati hutokana na selulosi, yaani nyuzi za pamba na za miti, na ndiyo maana haina ule ubaridi wa chuma ukiivaa asubuhi. Ikishapata joto la mwili unaisahau. Mabamba yenyewe hutengenezwa na kampuni chache. Inayojulikana kuliko zote ni Mazzucchelli ya Castiglione Olona nchini Italia, iliyoanza mwaka 1849 kwa kutengeneza vitana na vifungo. Rangi huchanganywa, hukandamizwa, hukatwa vipande na kuunganishwa tena, kisha bamba huachwa likauke kwa wiki nyingi. Bamba likichongwa kabla halijakauka vizuri, fremu hujikunja yenyewe baadaye, na hakuna fundi wa kuiokoa.

Bamba likiwa tayari, mashine huchonga sura ya mbele na mikono. Halafu vipande huingizwa kwenye mapipa yanayozunguka, ndani yake mna vipande vidogo vya mbao na unga wa kung'arishia, vikasuguana humo kwa siku kadhaa. Vikitoka, mtu huketi mbele ya gurudumu la kitambaa na kuvipiga polishi kimoja kimoja. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayotofautisha fremu mbili zilizotoka bamba moja. Pitisha kidole gumba ndani ya ukingo, pale daraja, yaani kipande kinachopita juu ya pua, linapokutana na tundu la lenzi. Kwenye kazi nzuri kidole kinateleza kama juu ya kokwa ya embe iliyonyonywa ikasafishika. Kwenye kazi ya haraka utahisi mstari mkavu, maana gurudumu halikufika hapo na aliyelishika hakuwa na muda.

Fremu nyingi za bei ndogo humiminwa kwenye kalibu, kisha mabaka ya rangi hupakwa juu. Angalia ncha ya mkono wa miwani au ukingo uliokatwa: kwenye asetati ya bamba, mabaka yanapita hadi ndani. Angalia pia bawaba. Watengenezaji makini hupitisha ribiti kutoka kibati cha nje mpaka kwenye bawaba ya ndani, na ukiinua fremu inayopitisha mwanga utaiona pini hiyo ndani ya asetati. Wapo wanaogundisha vinukta viwili vya chuma kwa nje ili ifanane, huku bawaba imezamishwa kwa moto tu. Bawaba iliyozamishwa vizuri haina ubaya. Tatizo ni kulipia ribiti ambayo haipo.

Yale mabaka ya kahawia na manjano, ambayo wanaume wengi huyachagua baada ya nyeusi, yana historia inayotuhusu. Ni mwigo wa gamba la ng'amba, aina ya kasa wa baharini. Maandishi ya Kigiriki ya karne ya 1 yanataja magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa zilizotoka Rhapta, bandari ya kale ya pwani yetu. Leo biashara ya kimataifa ya gamba hilo imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na ng'amba mwenyewe yumo hatarini kutoweka. Ukikutana na mtu anayekuuzia miwani ya gamba halisi kwa siri, mwache. Asetati nzuri ina kina kilekile cha rangi na haikumtoa mnyama yeyote baharini.

Udhaifu wa asetati ni joto, na huku kwetu hilo si jambo dogo. Huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi za sentigredi, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani hufika huko bila shida. Niliwahi kuiacha yangu garini Kariakoo tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Niliporudi, mkono wa kulia ulikuwa umetanuka nje na lenzi moja inacheza. Lakini kilichoiharibu ndicho kilichoiponya: niliipasha moto polepole, nikaukunja mkono ukarudi, nikaibana lenzi, na bado naivaa. Ubaya wa pili ni jasho. Baada ya miaka, mafuta yanayoilainisha asetati hutoka na uso wake hufifia ukawa na weupe, hasa nyuma ya masikio. Fundi mwenye gurudumu la polishi huirudisha kwa dakika chache. Fremu ya rangi ya kupakwa haina matibabu hayo, maana ukiing'arisha unaivua rangi.

Titani: kazi ya majira ya theluji

Sabae iko katika mkoa wa Fukui, mahali ambapo theluji nyingi iliwazuia wakulima kufanya kazi ya shamba wakati wa baridi. Mwaka 1905 Masunaga Gozaemon aliwaleta mafundi kutoka Osaka wawafundishe watu wa kijiji chake kutengeneza fremu, ili miezi hiyo iwe na kipato. Aliwagawa katika vikundi vilivyoitwa choba, kila kimoja na fundi mkuu wake, na vikundi vikashindana kwa ubora. Mafundi walioiva wakatoka kuanzisha karakana zao. Mpaka leo, kazi nyingi ya Sabae imegawanyika hivyo: nyumba moja inajua bawaba, nyingine kuunganisha kwa moto, nyingine kung'arisha tu, na fremu husafiri kutoka mlango hadi mlango. Zaidi ya tisa ya kumi ya fremu zinazotengenezwa Japani hutoka mkoa huo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu hao ndio walioifikisha fremu ya titani sokoni. Haikuwa rahisi. Titani ikipashwa moto hewani hunywa oksijeni na kuwa ngumu yenye kuvunjika, kwa hiyo kuunganisha daraja na fremu lazima kufanyike ndani ya gesi kama argoni. Pia hung'ang'ania kalibu inapogongwa. Ndiyo maana fremu ya titani iliyotengenezwa vizuri ni ghali ingawa haina mabaka wala mapambo; fedha yako imekwenda kwenye viungo ambavyo huvioni.

Malipo yake unayapata mwilini. Maji ya chumvi hayaili. Jasho haliili. Haina nikeli, ile inayowatia baadhi ya watu vipele kwenye pua na nyuma ya sikio. Nimefungua fremu nyingi za chuma cha kupakwa zilizovaliwa Tanga na Zanzibar na kukuta uchafu wa kijani kwenye shina la pedi za pua, rangi imebanduka, kisha chuma kimeliwa. Kwenye titani safi sijaliona hilo. Mikono yake, mara nyingi ya beta titani, yaani titani iliyochanganywa na metali nyingine, ina msukumo kama wa springi, kwa hiyo inashika kichwa bila kubana.

Sasa upande wa pili wa kibao. Fremu ya titani ikikatika kiungo, usimpe mtu mwenye mtungi wa gesi ailehemu kama anavyolehemu pete. Niliipokea moja iliyokuwa imeshapita mikono hiyo: daraja lilishikamana, likabadilika rangi, na baada ya wiki likakatika pembeni tu ya pale palipochomwa. Inahitaji mashine ya leza, na mafundi wenye mashine hiyo si wengi huku. Uzuri ni kwamba kiungo kilichofanywa vizuri hukatika mara chache sana. Kinacholegea kwa kawaida ni skrubu na pedi, na hivyo kila duka la miwani linavyo.

Bati la Berlin

Mwaka 1996 ic! berlin ilianza kuuza fremu zilizokatwa kutoka bati la stenlesi lenye unene wa nusu milimita hivi, zikakunjwa kama mtu anavyokunja karatasi. Mkono hauungwi kwa skrubu, unachomekwa mbele na kushikwa na ukakamavu wa bati lenyewe. Ukiukalia, badala ya kuvunjika, unachomoka, nawe unaurudisha. Baadhi ya waliokuwa huko ndio baadaye walioanzisha Mykita, yenye bawaba yake ya kujizungusha, nayo haina skrubu. Jina la Mykita limechezea neno Kita, kifupisho cha Kijerumani cha shule ya watoto wadogo, maana warsha yao ya kwanza ilikuwa katika jengo lililokuwa shule ya namna hiyo.

Wazo hili nalipenda kwa sababu ya kazi yangu. Nikihesabu wanaoingia dukani kwa shida ya fremu, wengi wao wamepoteza skrubu, na wengine wamechomeka kijiti cha kiberiti au waya mahali pake. Fremu isiyo na skrubu imeondoa shida hiyo kabisa. Lakini imeleta nyingine: inataka fundi anayeijua. Lenzi huingizwa kwa mbinu yake, na bati la springi halipindi kirahisi nyuma ya sikio, kwani ukilipinda linajirudisha. Mtu asiyelijua akitumia koleo analiachia kovu lisilofutika.

Juu ya uzito, watu hupenda kunitajia jedwali la madini. Ni kweli sentimita ya ujazo ya stenlesi ina karibu gramu 8, titani 4.5, asetati 1.3. Ila asetati hukatwa kwa unene wa milimita kadhaa na bati la Berlin ni nusu milimita tu. Ukiziweka mezani kama nilivyoziweka mimi, ya asetati ndiyo nzito kuliko zote tatu, na hizo nyingine mbili mkono hauwezi kuzitofautisha.

Zikiwa usoni

Hapa ndipo uamuzi ulipo. Ndani ya mkono wa miwani kuna namba kama 48□22-145: upana wa lenzi, upana wa daraja, urefu wa mkono, vyote kwa milimita. Fremu nyingi za Ulaya huchorwa kwa pua nyembamba iliyoinuka. Kwenye pua pana na ya chini, kama zilivyo nyingi za kwetu, fremu ya asetati yenye daraja la 18 huning'inia, inashuka kila ukitoka jasho, na ukicheka mashavu yanaisukuma juu. Tafuta daraja la 22 na kuendelea, au toleo lililochorwa kwa daraja la chini. Fundi anaweza pia kuongeza pedi juu ya asetati, ni kazi ya kawaida. Kwa titani na bati, pedi za pua huwa juu ya vishina vinavyopindwa, kwa hiyo fremu hiyohiyo hukaa vizuri kwenye pua mbili tofauti. Kwa kipengele hiki asetati imeshindwa wazi.

Wapo walioanza kulichukulia jambo hili kama kazi yao kuu. Reframd ya Berlin, ambayo Ackeem Ngwenya, mzaliwa wa Malawi, ni mmoja wa waanzilishi wake, hupima uso wa mteja kwa simu na kuiunda fremu kwa vipimo hivyo. Vontélle ya Brooklyn, iliyoanzishwa na Tracy Green na Nancey Harris, huchora kwa pua pana, mashavu yaliyoinuka na vichwa vikubwa. Kama kila fremu uliyojaribu imekuacha na alama mbili nyekundu kwenye pua, anza na watu hawa kabla hujaamini kwamba uso wako ndio wenye kosa.

Namba ya lenzi nayo ina sauti. Mwenye namba ya kutoa 5 (-5, ya asiyeona mbali) au zaidi ana lenzi nene ukingoni, na kwenye bati la nusu milimita unene huo wote uko nje, kila mtu anauona. Asetati nene huuficha, mradi umbo liwe dogo na macho yawe katikati ya lenzi. Mwenye miaka 45 anayetaka lenzi za progresivu, zenye sehemu ya kuonea mbali juu na ya kusomea chini, aangalie kimo cha lenzi: chini ya milimita 28 hivi sehemu ya kusomea hubanwa, na fremu nyingi nyembamba za mtindo huishia hapo.

Iko pia pembe ya nyati wa Asia, hukatwa mabamba membamba na kugandishwa pamoja. Ni nyepesi na nzuri kupita kiasi, hakuna mbili zinazofanana. Lakini hukauka, inataka kupakwa mafuta, haipendi hali ya hewa inayobadilikabadilika, na bei yake kwa kawaida huzidi mara mbili ya hizi tatu. Sijaipendekeza kwa mtu ambaye ndiyo miwani yake pekee.

Ningemchagulia nani ipi

Anayefanya kazi nje, anayeishi ufukweni, anayepanda pikipiki, au ambaye ngozi yake imeshawahi kukataa saa ya chuma: titani, na pedi za kupindwa. Vilevile kwa yeyote mwenye fedha ya fremu moja tu kwa miaka mingi. Nimeipima kwa kila namna na huwa narudi hapohapo.

Mwenye namba kubwa, au anayetaka uso uwe na mstari mzito unaoonekana kutoka mwisho wa chumba cha mkutano: asetati ya bamba, yenye ribiti za kweli. Awe tayari kuipeleka kwa fundi mara mbili kwa mwaka, na asiiache garini.

Bati la Berlin ningempa anayesafiri sana, mwenye namba ndogo, aliye karibu na duka linaloiuza rasmi chapa hiyo. Akiwa Songea au Kigoma, hapana.

Mimi mwenyewe navaa ile nyeusi ya Cadore, kwa sababu kila asubuhi niko mbele ya kipasha moto na nainyoosha kabla mteja wa kwanza hajaingia. Wewe huna kipasha moto, kwa hiyo usinifuate.

Kabla ya kulipa, ifungue fremu na uilaze juu ya kioo cha kaunta, mikono ikiwa chini, kisha ipindue. Ncha zote ziguse kioo bila kuyumba. Ifunge taratibu: mikono miwili ilingane kwa uzito wa kufunga, isiwe mmoja mkavu mwingine mlegevu. Inamisha kichwa ukiwa umeivaa, uhesabu mpaka kumi. Halafu omba skrubu mbili na jozi ya pedi za akiba, na uziweke ndani ya kasha la miwani siku hiyohiyo.